Ujumbe wa Mama Pimbi

Enyi mliokaa, masikio mnayo?
— Tunayo!
Mmeyaosha?
— Yanang'aa!
Haya, yategeni.

Hapo kale wanyama walitumiana sauti kwa Kasuku. Unamwambia maneno yako, anaruka puruu, anamfikia mwenyewe, anayasema vilevile kwa sauti yako mpaka neno la mwisho. Hakatizi hata umkimbie. Adabu yake ilikuwa hii: jitaje, salimia, sema polepole, kisha aga.

Fisi sasa! Yeye alituma mdomo umejaa mfupa: "Nyafu nyafu, wee, nyafu, njoo huku!" Aje nani? Aje wapi? Na akitumiwa yeye, hasikilizi mpaka mwisho. Harusi ya Swala aliikosa hivyohivyo: aliposikia "pilau" alitoka mbio, siku yenyewe hakuisikia. Ulafi gani huo, jamani!

Basi Mama Pimbi, kale kanyama kadogo ka maweni, alirudi kutoka malishoni akamkuta Fisi amejilaza mlangoni pake. Ndani yumo Kadogo, mwanawe wa pekee, kajibanza kwenye ufa, analia kwa kiu.

"Toka, kitoweo," Fisi anamwambia. "Mimi sina haraka."

Moyo wa mama ulimwenda du du du. Apigane na Fisi? Thubutu! Akajificha nyuma ya miiba, akamwita Kasuku, akafuta machozi kwanza ili sauti isitetemeke. Kisha akasema, neno baada ya neno.

Kasuku huyo, puruu, akatua juu ya jiwe.

"Mzee Fisi, una ujumbe."

"Sema upesi!"

Kasuku akasema kwa sauti ya mama: "Shikamoo mzee. Mimi ni Mama Pimbi, wa hapa mawe makubwa. Kule bondeni, penye mto, kuna nyati mzima, mnono, kalala chini..."

Fisi hakungoja. Tifu tifu tifu, vumbi tupu!

Kasuku akaendelea, maana kazi ni kazi: "...ila ni wa Simba, na Simba bado anamla, tafadhali usiende. Na wewe Kadogo mwanangu, huyo akiondoka, toka. Mama nipo nyuma ya miiba. Usiogope. Kwaheri."

Kadogo akachomoka mbio mpaka kifuani kwa mama. Wakakumbatiana, wakalia, wakacheka. Bondeni kukasikika "Paa!" halafu "Uwiii!"

Ngano yangu imechoka miguu, naiweka chini; mwenye nguvu aibebe.

Na funzo lake, wanangu: mkitumiwa ujumbe, msihangaike kuusikiliza wote. Utamu uko mwanzoni. Asiyeamini akamuulize Fisi, ila aongee upande wa lile sikio lililobaki.