Bi Nyamizi na Karani Mwenye Mhuri

Palikuwa na karani mmoja wa mahakama, Kapufi, ungedhani jengo lile kaachiwa na babu yake. Bi Nyamizi alimwendea mara ya nne kuomba faili lake lipelekwe kwa hakimu. Lisipofika siku ile, shemeji yake angechukua nyumba.

"Kikongwe unanuka moshi! Nenda kafie kwenu, faili halitoki," Kapufi akafoka.

"Sawa, baba. Ila mume wangu atasema sikufika, nilikuwa nazurura. Niandikie hayohayo, ugonge na mhuri. Mimi sijui kusoma."

Kapufi akacheka hadi akajishika mbavu. Akaandika neno kwa neno, akatia saini, akagonga mhuri.

Kesi ilipoitwa, hakimu akaulizia faili. Bi Nyamizi akampa ile karatasi. Hakimu akaisoma, akamwita Kapufi.

"Mheshimiwa, ule ulikuwa utani tu, wa kumpelekea mumewe!"

"Mume gani, baba?" akasema Bi Nyamizi. "Ungelifungua faili hata siku moja, ungejua ni la mirathi yake."

Faili likaja mbio. Jumatatu yake Kapufi naye akapata barua ya kusimamishwa kazi, ina mhuri.