Kikohozi cha Langoni

"Neno la kuazima halimwiti mama." Ndivyo mwalimu wenu alivyowaambia akiwarudishia insha za Kiingereza, nanyi mkacheka? Haya, wekeni simu hizo chini mnisaidie kubambua mbaazi. Msemo huo ulianza hapa hapa Taita, na aliyeuanzisha niliketi naye dawati moja.

Jina lake Mkamburi. Mama yake alikuwa Uarabuni, akifanya kazi za nyumbani. Kila alipopiga simu aliahidi kuja, asije. Mkamburi alimtamani mama yule jamani, mpaka akawa halali bila kujifunika leso aliyoachiwa na mama.

Tulikuwa darasa la nane, tunajiandaa kwa mtihani. Kiingereza kizito tulikikariri kama dua, tukakimwaga katika kila insha. Basi kila mama wa darasa letu alikuwa na macho ya almasi na mwendo wa twiga! Tukapewa zoezi: andika kuhusu mtu unayemkumbuka sana. Mkamburi akaandika, akajaza ukurasa, akaringa.

Simu ilikuwa moja tu shuleni, ofisini kwa Mwalimu Mwadime. Mama alipopiga, Mkamburi akamsomea insha ile, akiifasiri kwa Kiswahili. Kisha mama akauliza, "Mwanangu, huyo ni mama wa nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi na almasi wapi na wapi? Umeshanisahau, Mkamburi."

Lo! Alilia mtoto yule, nami nikalia naye. Mwalimu akangoja anyamaze, akamwuliza, "Unamkumbukaje mama yako?"

"Macho yake mekundu kwa moshi. Akinisuka, ananibana kichwa kwa magoti. Jioni akifika langoni hukohoa kwanza, nijue ni yeye. Mpaka leo huwa nasikiliza."

"Kiingereza cha hayo unacho?"

"Ninacho, mwalimu, lakini ni vijineno vya darasa la tatu."

"Viandike hivyo hivyo."

Siku ya mtihani insha ikaja ya mtu umpendaye, akaandika hivyo hivyo. Mama alipopiga tena, akamsimulia yote aliyoandika. Alipofika kwenye kikohozi, mama akaangua kilio, akakata simu.

Matokeo yalipotoka, Mkamburi alikuwa ameongoza Kiingereza. Tulikwenda kwao mbio kumpongeza, tukamkuta amesimama uani, ametuinulia mkono tunyamaze. Langoni mtu alikuwa amekohoa.

Chekeni sasa, niwaone. Siku ile ndipo Mkamburi alipotuambia: Neno la kuazima halimwiti mama.