Shikamoo ya Chachu

Sogeeni karibu. Na wewe uliyempakata huyo mtoto wa mbwa, toa kwanza kidole chako mdomoni mwake, maana hadithi yenyewe ndiyo hiyo.

Zamani hizo mbwa hawakukaa na watu. Walikaa msituni, wakazaana huko na kulelana huko, na salamu yao ilikuwa kurukiana na kutafunana midomo kwa furaha. Kwa ngozi zao zile nene, hakuna aliyeumia. Watu nao walikaa Mabwawani, wakilima mpunga na kuwinda bata, na salamu yao ilikuwa hii hii yetu. Mdogo alipokutana na mkubwa aliinama akasema shikamoo, yaani nashika miguu yako, kwa sababu moo ndiyo miguu katika maneno ya wazee wa wazee wetu. Mkubwa aliitikia marahaba, na kila mtu akaenda zake ameridhika.

Katika kijiji hicho aliishi Sikudhani, mke wa Kibwana mwinda bata. Walikuwa wameoana miaka mingi na Mungu hakuwajalia mtoto. Nyumba yao ilikuwa safi, kila chombo mahali pake, hakuna kelele wala uchafu wa matope mlangoni, na Sikudhani aliuchukia utulivu ule kuliko anavyochukiwa nyoka. Mwaka wa mafuriko, alipokwenda kuteka maji, aliona mtoto wa mbwa ameng'ang'ania gogo, amelowa chapachapa, anatetemeka. Akamfunga ndani ya kanga yake akarudi naye nyumbani. Alipokauka, manyoya yake yalionekana ya rangi ya mahindi makavu, na kwa jinsi alivyofura na kumwagika kila pembe ya nyumba, akamwita Chachu.

Chachu alikuwa mwerevu, na balaa ilianzia hapo. Nyumba ya pili aliishi Bi Mize, mama yake Kibwana, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumwishia nguvu na kutwa alikaa kizingitini. Watoto wa kijiji walipopita walimwamkia, naye akawaitikia. Chachu akatega masikio. Neno shika alilijua, kwa kuwa Kibwana alimwambia hivyo kila alipomrushia mfupa. Moo akaja kujua kuwa ni miguu, kwa jinsi watoto walivyoiinamia. Basi akawaza: kumbe hawa wenzangu wakipendana hushikana miguu. Mimi mikono sina, lakini mdomo ninao.

Akaanza kuamkia. Aliamkia visigino, aliamkia vifundo, aliamkia pindo za kanga, kwa vimeno vile vilivyochomoza juzi tu, vikali kama miiba ya michongoma. Watu waliporukaruka kwa maumivu alidhani wanamchezea ngoma. Na kwa kuwa marahaba hutoka mdomoni, yeye akaruka juu kuifuata huko huko. Hakuna aliyeamkia watu kwa moyo mweupe kama yule, na hakuna aliyekimbiwa kama yeye.

Siku moja akamwamkia Bi Mize, aliyekuwa amesimama kujinyoosha. Alimpenda mno bibi yule, kwa hiyo alimrukia kwa upendo wake wote. Bi Mize akaanguka, kiatu chake cha ngozi kikamchomoka, mkono ukateguka. Wazee wa kijiji wakakutana jioni ile ile wakasema mwezi ukiandama, Chachu arudishwe alikotoka.

"Huko msituni hawatampokea," Sikudhani alimwambia mumewe. "Ananuka moshi wa jiko letu. Wenzake watamrarua."

"Najua, mke wangu," Kibwana alisema. "Lakini aliyeanguka ni mama yangu."

Sikudhani akachukua ungo. Alilia akipepeta mchele, na Chachu akaja kumng'ata kidole gumba ili kumfariji.

Walijaribu yote. Walimfokea, naye akabweka, akidhani wanaimba pamoja. Walimsukuma chini, akaona huo ndio mchezo mtamu kuliko yote, akarudi kwa nguvu zaidi. Jirani mmoja alimpiga kwa ufito. Chachu akajikunyata, na kuanzia hapo akawa anang'ata kwa hofu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Sikudhani aliuvunja ule ufito akautia jikoni.

Mchana mmoja Sikudhani alimpelekea mkwewe uji. Akapiga goti mlangoni. "Shikamoo, mama."

Bi Mize alikuwa na maumivu, na hasira bado imemkaa kooni. Aligeuza uso ukutani asiseme kitu.

Sikudhani alibaki pale na salamu yake imening'inia hewani. Angetukanwa, angevumilia. Angefokewa, angejua la kufanya. Lakini kule kutoitikiwa kulimkata maini. Aliweka bakuli chini taratibu, akaondoka akijiuliza ni wapi alipopiga goti vibaya na namna gani angelipiga vizuri zaidi. Alikuwa njiani bado alipojishika kiuno akasimama. Yeye mtu mzima alikuwa tayari kubadilisha hata namna ya kuinama, ili mradi aitikiwe.

Alipofika uani Chachu akamrukia. Sikudhani hakumfokea wala hakumsukuma. Alikunja mikono kifuani, akamgeuzia mgongo. Chachu akazunguka mbele, akaruka tena, na mgongo ukageuka tena. Wakazunguka hivyo kama watu wanaotafuta sindano, mpaka yule mdogo akachoka kufikiri, akaketi chini akamwangalia usoni. Hapo hapo Sikudhani akapiga magoti, akamkuna kifua, akamwambia kwa sauti ya chini, "Marahaba, Chachu." Mkia ukafagia vumbi la ua mzima.

Ulibaki mdomo. Huo alijua hauwezi kukaa bure, kwa hiyo alichukua ngata yake kuukuu, ile aliyowekea mtungi kichwani, akampa aishike. Kila meno yalipogusa ngozi aliondoa mkono na mchezo ukaisha. Kila yalipotafuna ngata mchezo uliendelea. Chachu akaanza kuitembeza ngata yake uani kwa maringo, kama bwana harusi.

Kisha kazi yote nusura iharibike, na mharibifu alikuwa Kibwana. Alirudi kutoka bwawani akiwa amechoka, na nyuma ya nyumba alimwacha Chachu amrukie mpaka begani, wakilambana na kucheka. Sikudhani akawakuta.

"Bwana, ukimwitikia akiwa juu, unampeleka msituni kwa mkono wako mwenyewe."

Kibwana akainamisha kichwa kama aliyekutwa jikoni na mnofu. Toka hapo naye aligeuza mgongo, ingawa ilimuuma zaidi ya mbwa.

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake wazee wakaja uani na kamba, na nyuma yao akaja Bi Mize, taratibu, mkono umefungwa kitambaa, mguu mmoja una kiatu na mwingine pekupeku, maana kile kiatu hakikuonekana tangu siku ya kuanguka. Chachu alikuwa hajamwona siku zote hizo. Alipomwona alitoka mbio.

Sikudhani hakuwahi hata kumwita. Aliona tu manyoya ya mahindi yakikata ua, na mzee mmoja akiinua fimbo. Katikati ya ua Chachu akasimama ghafla. Akatazama huku na huku akitafuta ngata, ngata haipo. Mwili mzima ulikuwa unamtetemeka kwa hamu. Akageuka, akaingia mbio chini ya ghala ya mpunga mahali alipolala, akatoka na kile kiatu cha ngozi. Siku zote hizo alikuwa akikilalia, na hakikuwa na alama hata moja ya jino. Akakileta mpaka kwa Bi Mize, akakiweka juu ya mguu uliokuwa pekupeku, kisha akaketi chini kabisa, akangoja.

Bi Mize alimtazama yule mbwa, halafu akamtazama mkwewe aliyesimama ameshika mdomo wake. Akanyoosha mkono mzima, akaugusa utosi wa Chachu.

"Marahaba, mwanangu," alisema. Na huku akimtazama Sikudhani akarudia, "Marahaba. Ulikuwa ukinidai hii siku nyingi."

Wazee wakairudisha kamba walikoitoa.

Na tangu siku hiyo mbwa hukaa na watu, na anapotaka kukuamkia vizuri huketi chini. Ndiyo maana mbwa wa mwinda bata humleta ndege mzima mzima, hata unyoya haukupinda. Na ndiyo maana ukirudi nyumbani utamkuta mlangoni na kiatu chako kimoja. Si mwizi huyo. Anashika moo.

Ila watoto wa mbwa huzaliwa na shikamoo ile ya zamani, ya meno na kuruka, na kila nyumba hufundisha upya. Kwa hiyo mgeuzie mgongo, mpe kitu cha kushika, umngojee aketi. Akishaketi usichelewe kumwitikia.