Bi Kwale na Kura ya Udongo

Paukwa!

Pakawa!

Aka! Mnaitikia kama mmenyimwa uji. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Wadogo kaeni mbele, wakubwa acheni kunong'ona.

Hapo zamani za kale, wanyama nao walikuwa na mji wao. Mji mdogo, jina lake Tifutifu. Juu kilimani walikaa wakubwa: Ngiri, Nyati, Pofu na jamaa zao. Chini bondeni walikaa wadogo: Panya, Njiwa, Kanga na wengine wa kimo hicho. Na huko bondeni, chini kabisa, kwenye kijichaka, alikaa Bi Kwale.

Bi Kwale alikuwa na mayai saba. Aliyalalia mchana, aliyalalia usiku. Akitoka kula, alikula mbiombio akarudi. Maana masika ya mwaka uliopita alikuwa na mayai matano, maji yakaja chwaaa, yakayabeba yote. Bi Kwale alilia mpaka sauti ikamkauka.

Maji yale yalikuwa na mtaro wake. Lakini mtaro ulikuwa umeziba. Umejaa udongo mweusi, umeota nyasi, mgeni asingejua kama ni mtaro. Bi Kwale alijaribu kuuchimbua. Akaparua, paru! paru! Siku tatu akapata kishimo cha kumtosha mende kuoga. Na mayai nayo hayataki kuachwa yapoe. Akarudi kiotani, akatazama mawingu, roho juu.

Siku moja Ngiri, mwenyekiti wa mji, akapiga mbiu. Mbuu! Mbuu!

"Wananchi wa Tifutifu! Amekuja mtaalamu! Safari hii mji mtaupanga wenyewe! Njooni uwanjani!"

Bi Kwale akafurahi, akafurahi sana. Akayafunika mayai kwa manyoya na majani, akakimbia. Hajala tangu jana.

Mtaalamu alikuwa Korongo. Miguu mirefu, kitabu kwapani. Akachora ardhini picha mbili. Ya kwanza, lango kubwa la kukaribishia wageni, na juu yake kichwa cha Ngiri, pembe mbili zimechomoza. Ya pili, mtaro.

"Lango la wageni gani?" Bi Kwale akauliza. "Tifutifu haji mtu."

"Hawaji kwa sababu hakuna lango," Ngiri akajibu. Wakubwa wakapiga makofi.

"Na maji, mwenyekiti? Yanatufikia shingoni."

Korongo akashangaa. "Shingoni? Mimi nilipita huko masika, yakanifika gotini tu." Akaandika kitabuni: gotini.

Halafu akatoa mfuko. "Kila mmoja atapewa punje moja ya mahindi. Hiyo ndiyo kura yako. Iweke kwenye picha unayoitaka. Mkubwa moja, mdogo moja. Wote sawa!"

Wote sawa! Makofi tena!

Lakini sikilizeni, jamani. Wakubwa walikuwa wametoka kunywa chai. Chai ya meza kuu, na viazi, na mihogo. Ngiri alikuwa anacheua. Wadogo walikuwa juani tangu asubuhi, na lile vumbi, na lile tumbo tupu. Sasa mtu kama huyo unampa punje ya mahindi, tena nono, tena ya manjano!

Ngiri akaenda na punje yake, akaiweka langoni. Nyati, langoni. Pofu, langoni. Wakubwa wote kumi, punje kumi.

Panya akaenda na yake. Kufika katikati ya uwanja, kru! Imekwenda.

Njiwa akaenda. Tonge! Imekwenda.

Kanga akaenda, akasimama, akaitazama, akafumba macho. Tonge!

Na wadogo wengine vivyo hivyo, mpaka zikaliwa punje kumi na tisa. Bi Kwale akashika yake mdomoni. Njaa inamkata, mate yanamjaa. Akakaza mwendo, akaiweka kwenye mtaro. Tap.

Wakahesabu. Lango, kumi. Mtaro, moja.

"Wananchi wameamua!" Ngiri akanguruma.

Bi Kwale akamgeukia Kanga. Kanga akainamisha kichwa. "Shoga yangu, nisamehe. Nilisema niionje tu."

Bi Kwale alitaka kumtukana. Lakini akayakumbuka mayai saba, akamwacha. Akaruka juu ya jiwe.

"Ndugu mtaalamu! Tumepiga kura thelathini, zimeonekana kumi na moja. Kitabu chako kinasemaje?"

Korongo akafunua kitabu. Akafunua, akafunua. "Zikipotea zaidi ya nusu, zinarudiwa."

Ngiri akakoroma, "Zirudiwe kwa nini? Mahindi yamekwisha!"

"Tupige kwa kitu kisicholika, mheshimiwa," akasema Bi Kwale kwa adabu. "Tupige kwa udongo. Lakini si udongo wa kuokota ovyo, watu wataghushi. Uwe wa mahali pamoja, mweusi, wa kujulikana. Kama ule wa mtaroni. Na kila mtu alete kadiri anavyolipenda jambo lake. Anayependa kidogo alete kidogo, anayependa sana alete sana."

Ngiri akatazama misuli yake. Akamtazama Bi Kwale, miguu kama njiti. Akacheka mpaka mkia ukasimama.

"Nakubali! Tena ianze sasa hivi!"

Korongo akafurahi. "Huu ndio ushirikishwaji!" Akaandika.

Basi ikawa kazi. Ngiri akaingia mtaroni kwa pembe, fuku! fuku! fuku! Nyati akaparua kwa kwato. Pofu akabeba. Wakapandisha udongo uwanjani, wakaumwaga langoni, tifu!

Na wadogo, punje tumboni zimewapa nguvu kidogo, na aibu imewapa nguvu zaidi. Panya akachimba. Kanga akaparua. Njiwa akabeba kibonge kimoja kimoja. Wakamwaga kwenye mtaro uliochorwa, tifu ndogo.

Kila wakubwa walipotaka kupumzika, Bi Kwale alipaza sauti: "Mwenyekiti! Sisi wa mtaro tunakaribia kuwapita!"

"Tunapitwa!" Ngiri akapiga kelele. "Nyati, unalala? Chimbeni!"

Fuku! fuku! Tifu!

"Mwenyekiti! Bado kidogo tu tuwafikie!"

"Chimbeni hadi chini! Msibakize!"

Wakachimba hadi chini. Hawakubakiza. Jua lilipoelemea, udongo wa lango ulikuwa kilima. Udongo wa mtaro ulikuwa kichuguu.

Korongo hakuhitaji kuhesabu. "Lango limeshinda!"

Ngiri akabebwa juu juu, jasho linamtiririka, matope hadi masikioni. Bi Kwale naye akapiga makofi, kwa mabawa yote mawili. Akarudi kiotani, akayalalia mayai yake. Yalikuwa bado vuguvugu.

Siku ya tatu mvua ikanyesha. Ikanyesha na usiku, ikanyesha na mchana. Maji yakashuka kilimani kwa hasira, chwaaa! Yakaingia mtaroni, yakapita, yakaenda zake mtoni. Kijichaka cha Bi Kwale hakikuguswa.

Mvua ilipokatika, Ngiri akateremka bondeni, kifua mbele.

"Bi Kwale, nimekuja kukupa pole. Ulishindwa vibaya sana."

"Nimeshapoa, mheshimiwa," akasema Bi Kwale. "Nilishindwa kweli kweli."

Chini ya bawa lake kitu kikalia, pii. Halafu kingine, pii. Kikatoka kichwa, kikatoka cha pili, vikatoka vyote saba.

Na lango? Lango halijajengwa mpaka leo. Limeundiwa kamati.

Basi wadogo, na ninyi wakubwa mnaojitia mmesinzia, funzo ni hili: ukitaka mwenye njaa aamue mambo ya mji, kwanza mpe chakula. Na mkishapanga mji wenu, msihesabu makofi, tazameni kilichochimbwa.

Hadithi yangu mimi imeishia hapo. Anayetaka kuirefusha, akachimbe kwanza mtaro wa kwao.