Mwanamke Mwenye Beseni Juu ya Mkato wa Mlima

Milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Waliotuachia maneno haya walitazama vilima viwili vilivyokodoleana macho tangu dunia iumbwe bila kusogeleana hata unyayo, kisha wakamtazama binadamu mwenye miguu. Walitaka tujue kwamba walioachana, hata kama waliachana kwa ubaya, iko siku watatazamana usoni, na siku hiyo kila mmoja atatakiwa kuwa na la kusema. Ran-hui, mchoraji katika ofisi ya wahandisi mjini Chuncheon, alichora milima kwa miaka ishirini kabla methali hii haijamfikia mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa hivi: wapimaji walileta modeli ya ardhi ndani ya kompyuta, naye akaikata kila baada ya mita ishirini pale barabara itakapopita, kama mtu akatavyo mkate aone ndani. Kisha aliipanga mikato hiyo kwenye karatasi ya kuchapishwa, kwa skeli ya moja kwa mia mbili, kuanzia chini kwenda juu kama msafiri anavyoifuata barabara yenyewe. Anayekosea kazi hii hasikii kelele yoyote siku hiyo. Kelele husikika ukuta wa kuzuia udongo ukishajengwa.

Aliyemfundisha ni Yeon-suk, ambaye alimwita dada ingawa hawakuzaliwa tumbo moja. Alimzidi miaka tisa, na sauti yake ilikuwa nene kama ya dalali. Mchana alipofungua vyombo vyake vya wali na kabichi kali ya kimchi, ofisi nzima ilimzunguka kama nzi na kidonda, isikie nani kaposwa na nani kakimbiwa. Alikuwa na desturi moja ambayo hakuna ofisi nyingine iliyokuwa nayo. Juu ya mstari wa ardhi wa kila mkato alichora mwanamke mdogo mwenye beseni kichwani, urefu wake mita moja na sentimita sitini. Karatasini mwanamke huyo alitoka milimita nane kamili.

“Ukimwona kawa mrefu kama nguzo au mfupi kama chura,” alimwambia Ran-hui, “ujue skeli imekudanganya, mdogo wangu. Huyu mama hajui kusema uongo.”

Kabla karatasi hazijaenda kwa mteja, wanawake wote walifutwa.

Siku moja ya masika, miaka kumi na saba iliyopita, watu wa mteja walikuwa wamekaa mapokezini wakisubiri karatasi, na mikato ya mlima mmoja mrefu ikagoma kuenea karatasini. Yeon-suk alikuwa hospitali kumwona mama yake. Ran-hui akaibana mikato kwenda chini: wima ikawa moja kwa mia tatu, mlalo ukabaki moja kwa mia mbili. Alipoona wanawake wamekuwa vibushuti, hakuurudisha mchoro ulivyokuwa, aliwafuta wao. Maandishi ya skeli akasahau kuyabadilisha. Dada aliporudi akihema, alimuuliza kama amepima kwa rula. Ran-hui akajibu kwamba amepima. Yeon-suk akagonga muhuri wake wa mkaguzi bila kuangalia, kwa kuwa alimwamini.

Fundi akapima kwenye karatasi, na ukuta uliopaswa kuwa wa mita sita ukajengwa wa mita nne. Mvua za Julai zikaumwaga udongo juu yake hadi barabarani. Hakuumia mtu, ila ukuta ulibomolewa ukajengwa upya, na Mkurugenzi Pyo akaitandaza karatasi mezani akauliza ni ya nani. Yeon-suk alimtazama Ran-hui mara moja tu. Ran-hui alitazama kikombe chake cha chai ya shayiri. Dada akasema muhuri ni wake, basi na kosa ni lake. Ilipofika Ijumaa meza yake ilikuwa tupu, na miezi michache baadaye namba yake ya simu ikafa, Ran-hui hajaipiga hata mara moja.

Tangu hapo uvumi ukawa ndio barua zake. Mmoja aliapa kwamba Yeon-suk ameolewa kisiwani Jeju analima machungwa. Mwingine alimwona kwa macho yake akiuza ngisi wakavu sokoni Gangneung. Ran-hui alipanda basi hadi Gangneung, akazunguka vibanda saa tatu, akarudi na furushi la ngisi asiowahitaji. Kila sikukuu ya mavuno, kituo cha basi kilipofurika watu wanaorudi makwao, kicheko chochote kinene kilimgeuza shingo. Alipanda cheo hadi kuwa mkuu wa wachoraji, lakini mchana ofisi ilikula kimya, kila mtu na simu yake, naye alikuwa kama nyumba iliyohamwa taa ikaachwa inawaka.

Mwaka huu likaja daraja la bondeni. Ukingo wa mashariki ulipewa ofisi yao, wa magharibi ukapewa kampuni nyingine, na kampuni hiyo ikaleta karatasi zake ili zilinganishwe. Ran-hui alizitandaza akaanza kusoma kutoka chini. Juu ya mkato wa tatu alisimama mwanamke mwenye beseni, aliyesahauliwa kufutwa. Akaweka rula: milimita nane. Jina kwenye kisanduku cha mchoraji lilikuwa la kampuni tu. Alipopiga simu aliambiwa mchoraji huyo hufanyia kazi nyumbani, namba yake haitolewi, ila Alhamisi angekuja bondeni kwenye ukaguzi.

Alhamisi Ran-hui alikuwa ukingoni mapema, na Mkurugenzi Pyo pembeni yake. Ng’ambo ya mto, umbali wa mita mia moja hivi, kundi la watu lilishuka garini, na miongoni mwao mwanamke mnene mwenye kofia pana. Mtandao wa simu haukushika pale. Pande mbili ziliongea kwa redio za mkononi, na kila mwenye redio alisikia kila neno. Ran-hui alijua kwamba akisubiri faragha, watu wa ng’ambo wanaweza kuondoka, na akisema sasa, Pyo atasikia. Kidole chake kilitua kwenye kitufe.

“Dada Yeon-suk. Ni mimi, Ran-hui. Ile mikato niliibana mimi. Nilikwambia nimepima, na sikupima.”

Redio ikakoroma.

“Nilijua siku ileile,” ilisema sauti nene. “Nilisubiri unipigie kabla sijaikata ile namba. Miezi minne, Ran-hui. Nilikuwa naenda na simu hadi chooni.”

Mafundi wenye redio walicheka, kisha wakanyamaza walipoona hakuna mwingine anayecheka. Pyo alitazama viatu vyake, akasema kwa sauti ya chini kwamba wataongea Jumatatu. Ran-hui akaitikia kwa kichwa. Cheo na kiende kinakokwenda.

“Naomba nije,” alisema redioni. “Sina la kujitetea. Naomba nikuone tu.”

Ng’ambo kofia pana iligeukia upande wa barabara.

“Kuzunguka ni dakika arobaini,” Yeon-suk alijibu. “Magoti yangu hayatasimama muda wote huo. Njoo nusu, nami nije nusu. Pale kwenye daraja la zamani kuna mama anauza tambi baridi.”

Ran-hui alifika wa kwanza. Gari la pili lilipoegeshwa, aliyeshuka alikuwa na mvi na anachechemea, na alimkagua kuanzia chini kwenda juu bila kumkumbatia.

“Umezeeka,” alisema.

“Hata wewe, dada.”

Yeon-suk aliusukuma mlango wa mkahawa, akaushika wazi kwa bega lake.

“Pita, tule. Bado nina hasira na wewe, na sijui zitaisha lini. Lakini nina habari za miaka kumi na saba, na nusu yake ni umbea wa watu.”

Ran-hui akapita huku anajifuta macho kwa kiganja, na kabla hawajakaa sauti nene ilikwisha kuanza kumsema mtu. Huko juu vilima viwili vilibaki vilivyokuwa, kila kimoja upande wake wa mto, havijasogeleana hata unyayo. Kweli, milima haikutani, lakini binadamu hukutana.