Sinia la Ghala la Korosho

Mficha alikotoka hula peke yake. Mmeniuliza neno hili nimelitoa wapi, wajukuu zangu, basi kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na ghala la korosho nje kidogo ya Masasi. Kila mchana walikula wote sinia moja, makarani na wapagazi pamoja. Na walikuwa na desturi yao: mgeni hatii mkono kwenye ugali mpaka aseme kwanza alikotoka kazini. Wengine walisema kwa maneno mawili, wengine mpaka mboga inapoa.

Akaja kijana mmoja, Nandonde, kuwa karani wa mizani. Huyu alipomaliza shule alibaki nyumbani miaka kadhaa akimuuguza baba yake aliyepooza. Baba alipofariki, akakaa kuandika wasifu wake wa kuombea kazi. Alipofika kwenye miaka ile akaiona iko wazi kama shamba lililoungua. Akaona haya, akaijaza: karani, kiwanda cha pamba, Shinyanga. Kazi akapata.

Siku ya kwanza kwenye sinia akasema yaleyale ya kwenye karatasi. Mpagazi mmoja, Likwata, akafurahi kweli. Akasema shemeji yake ni fundi mashine hukohuko, mrefu, ana mwanya, bila shaka wanajuana. Nandonde akasema tumbo linamuuma, akainuka.

Tangu hapo hakurudi kwenye sinia. Alinunua muhogo wa kuchoma akaula nyuma ya magunia, huku akiwasikia wenzake wakicheka upande wa pili. Likwata alimtania kwamba karani wa Shinyanga anaogopa kuchafua vidole. Mwisho utani nao ukaisha, wakaacha hata kumwita. Nyumbani alirudi kwenye kitanda kitupu cha baba. Na habari za baba hakuweza kumsimulia mtu, maana mzee alipokuwa anakufa, yeye kwa karatasi alikuwa Shinyanga.

Asubuhi moja akaenda kwa msimamizi, Bi Somoe, akaomba karatasi yake airekebishe.

"Nani amekusema?" Bi Somoe akauliza.

"Hakuna, mama."

"Basi iache ilivyo. Ukifuta hapo, mizani siwezi kukuachia. Wenye ghala wanataka aliyewahi kuifanya kazi hii."

"Najua, mama. Lakini sikuwa Shinyanga. Nilikuwa nyumbani, namwogesha baba."

Bi Somoe akaitoa karatasi, akampa kalamu. Nandonde akakata yale maneno, akaandika juu yake: nilimuuguza baba. Siku hiyohiyo akaacha mizani, akabeba magunia.

Mchana akasimama mbele ya sinia, mabega yamejaa vumbi. Hakuna aliyemkaribisha. Akasema bila kuulizwa kwamba yule shemeji wa Likwata hamjui, akaeleza alikokuwa miaka ile yote. Akafika mpaka pale baba alipoacha kumeza uji.

Likwata akasogeza goti, pakapatikana nafasi.

"Kaa, bwana," akasema. "Kumbe mficha alikotoka hula peke yake."

Mboga ilikuwa imeshapoa. Nandonde akanawa, akatia mkono.

Kwa hiyo mkimwona mtu anajitenga na wenzake, msikimbilie kusema ana maringo. Huenda muhogo wake haupiti kooni. Mficha alikotoka hula peke yake.