Aonje Kwanza Aliyeleta

Hapo zamani, wafalme walipokuwa wengi na wasema kweli wachache, mji wa Kiwandeni ulikuwa na sultani jina lake Darweshi, naye ndiye aliyekuwa mlinzi wa mali ya yatima wote wa mji. Kazi ile ikamchosha, basi akatafuta mtu wa kumshikia mali hiyo na kuizalisha.

Akaja Bwana Ghalibu, tajiri wa mji, na kilemba kikubwa kuliko akili za waliokitazama. Akasema, "Maulana, nipe mali ya yatima niitie katika misafara ya pembe za ndovu kutoka bara. Kinachokwenda kimoja hurudi viwili. Hasara mimi siijui hata sura." Ujira wake angeutwaa mapema, ili asimsumbue mtu baadaye. Huruma iliyoje! Wakubwa wa baraza wakaitikia naam, naam, kama njiwa.

Basi akasimama Kibwana, fukara asiye na hata ndara, ambaye watoto wa marehemu dada yake urithi wao wote ulikuwa humo, wala hawakuwa na kingine.

"Maulana, huyu asipewe. Simwamini."

"Wewe usiye na pesa mbili utamjuaje mwenye mali?" Sultani akafoka. "Haya, tuoneshe moyo wake kwa macho yetu, kabla hatujala. Usipotuonesha, nakukata ulimi, na mali anapewa."

Kibwana akaketi. Mara sinia ya pilau ikaingia. Na ada ya jumba lile ilikuwa hivi: kila kinacholetwa mbele ya Sultani, aliyekileta hukionja kwanza. Mpishi akala tonge, watu wakamkodolea macho waone kama atakufa. Hakufa.

"Maulana," akasema Kibwana, "mbona Bwana Ghalibu hajaonja?"

"Aonje nini?"

"Alicholeta. Mpishi kaleta pilau, kaonja. Huyu kaleta shauri. Nyumba yake na mashamba yake yaingie msafara uleule na mali ya yatima, na ujira usubiri wapagazi warudi."

Sultani akacheka. "Ada ni ada. Bwana Ghalibu, onja."

Jasho likamtoka yule bwana. "Nyumba yangu? Maulana, mali yangu si ya kutupa porini! Njia ile ina wanyang'anyi, ina homa, nami nina watoto!"

"Alaa!" akasema Kibwana. "Kumbe hasara unaijua mpaka njia inayopita. Na yatima hawa, bwana, wao si watoto?"

Ghalibu akatoka bila kuaga wala kula. Sultani akafuta machozi ya kicheko. "Moyo tumeuona. Basi Kibwana, mali ishike wewe."

"Mimi sina cha kuonja nacho, Maulana. Ikipotea, sipotezi kitu. Ashike mwenye cha kupoteza."

"Nani huyo?"

Kibwana akamtazama tu. Wakubwa wa baraza nao wakamtazama. Kicheko kikakatika.

"Mimi?"

"Una mashamba ya minazi, seyidi yangu, na pilau inapoa."

Ikawa mashamba ya Sultani yakafungamanishwa na mali ya yatima, faida moja, hasara moja, na watoto wale walipobaleghe wakapewa haki yao mkononi. Na kila aliyekuja na ahadi tamu, Sultani mwenyewe alimwambia, "Karibu, onja," na ajabu ni kwamba wengi walikumbuka papo hapo kuwa wameacha chungu motoni.